Amana ya Samaki 15: Kupanga Upya Tangi Bila Kuwadhuru Waliomo



Likizo iliyopita ndugu mmoja tunayekaa naye bweni moja hapa Bujumbura alisafiri kwao, akaniachia tangi lake la samaki. Ni tangi la lita 100, lenye mawe, mimea michache na samaki 15 wa Ziwa Tanganyika, wale wembamba ambao mkia wao una ncha mbili ndefu. Wataalamu huwaita Neolamprologus brichardi, na wafugaji wa ng'ambo wamewapa jina la Binti Mfalme wa Burundi. Kazi niliyopewa ilikuwa moja tu, kuwalisha kidogo asubuhi na jioni. Ya pili nilijiongezea mwenyewe. Niliona mchanga umekuwa mweusi na mawe yameota ukijani, nikasema akirudi atafurahi kukuta tangi jipya.

Nikatoa kila kitu. Mchanga, mawe na sponji ya kichujio, vyote nikavisugua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe. Nilikwisha sikia kwamba klorini huwadhuru samaki na kwamba hutoka maji yakilala wazi, kwa hiyo nilijaza maji yaliyolala kwenye ndoo. Nikapanda mimea mipya, nikawarudisha. Tangi liling'aa. Siku ya tatu baada ya swala ya Alfajiri niliwakuta wote juu ya maji wanatweta, na wanne wamekufa.

Nianze na hukumu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyewekewa amana halipi ikiharibika bila uzembe wake. Lakini akivuka mpaka, mkono wake huacha kuwa mkono wa amana ukawa mkono wa dhamana. Mafaqihi wametaja hata mnyama: ukiachiwa, ukaacha kumlisha mpaka akafa, unalipa. Nilimwendea ustadhi wetu wa fiqhi nikiwa na hoja yangu ya nia njema. Akaniuliza, "Mwenyewe alikuruhusu kubadilisha?" Nikasema hapana. "Basi unaniuliza nini?"

Nikampigia simu ndugu yangu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua wangapi wamebaki. Thamani ya wale wanne nilimlipa, akapokea nusu, nusu akanisamehe.

Ilibaki haki ya samaki wenyewe. Kwenye hadithi ya Abu Umayr na kindege chake, iliyomo katika Bukhari na Muslim, wanazuoni wamepata ruhusa ya kufuga kiumbe kwa ajili ya kuliwazika naye. Lakini vitabu hivyohivyo vina habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Ruhusa na onyo vinakwenda pamoja. (Aliyeuliza bwenini kama maji yale yalinajisika kwa maiti: hapana, maiti ya samaki ni tohara.)

Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo darasa la tohara halikuwa limenifundisha. Maji yale ningeweza kutawadhia, na bado yaliua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na amonia ni sumu. Tangini huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wameng'ang'ania kwenye sponji, mawe na mchanga. Ule utelezi niliousugua ndio uliokuwa makao yao, na klorini ya bombani ikawamaliza waliosalia.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi. Maji ya ziwa letu yana pH inayokaribia 9. Kwenye pH 7 sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu kali haifiki asilimia 1, lakini kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25 ni kama theluthi moja. Kiasi ambacho samaki wa maji mengine wangekivumilia, hawa kinawaua.

Miezi miwili baadaye ilibidi tangi lipangwe tena, safari hii kwa amri ya mwenyewe. Mimea niliyopanda ilikuwa inaoza. Anubias ina shina nene linalotambaa, na mimi nililifukia mchangani kama muhogo. Halifukiwi, hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, mizizi ikajishikiza yenyewe.

Siku moja kabla hatukuwalisha, ili wachafue maji kidogo. Baada ya Adhuhuri tulivuta zaidi ya nusu ya maji ya tangi kwa mpira tukayatia kwenye beseni kubwa na ndoo ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Kichujio tukakihamishia kwenye beseni kikiwa kinafanya kazi, kwa sababu bakteria wanahitaji oksijeni na wakikauka wanakufa. Mawe tukayatoa kabla ya samaki, maana kumfukuza samaki na wavu katikati ya mawe ni kumjeruhi bure. Kila jiwe tuliliinua taratibu tukichungulia matundu yake, kisha likaingia kwenye ndoo ya maji ya tangi bila kusuguliwa. Samaki wakaingia beseni lenye kichujio, tukalifunika kwa chandarua kwa sababu huruka.

Ndipo tukagusa mchanga, si kabla. Mchanga wa zamani ukivurugwa huachia uchafu na gesi yenye harufu ya yai viza, na samaki hatakiwi kuwemo. Tuliutoa, tukatia mwingine uliooshwa vizuri. Vallisneria, nyasi ndefu inayoota hata ziwani kwetu, tuliipanda kitako chake kikiwa juu kidogo ya mchanga. Majani yake huweza kuyeyuka baada ya kuhamishwa, yakatwe kabla hayajaoza.

Maji ya zamani tuliyarudisha kwa kuyamwaga juu ya sahani ili mchanga usichimbike, tukaongeza mapya yaliyolala wazi siku nzima na yenye joto lilelile. Sponji tuliikamua mara moja tu, ndani ya maji ya tangi. Samaki tuliwarudisha wote kwa pamoja. Hawa wana ubishi wa mipaka, na atakayetangulia hujitwalia mawe yote. Taa tukaizima mpaka asubuhi.

Wiki ya kwanza nilipima amonia kila siku na kulisha nusu ya kawaida. Siku ya nne kipimo kilibadilika rangi kidogo, tukabadilisha lita 20.

Samaki 11 walitoka na 11 wakarudi. Kwenye ndoo ya mawe tulikuta na wa 12, mdogo kama punje ya mchele, tuliyempitisha bila kumwona. Samaki hawa hulea kwa ukoo, wakubwa waliozaliwa mbele huwalinda wadogo zao, na siku ya pili nilimwona nyuma ya jiwe la kushoto, kaka zake wawili wamesimama mlangoni.

Wallahu aalam.