Wiki Tatu Kabla ya Triathloni: Kupunguza Mazoezi Bila Kupoteza Nguvu

Katika maandalizi ya mashindano marefu, makosa mengi hufanyika siku za mwisho. Mwanamichezo wa Uthiru ambaye ameamka saa kumi alfajiri kwa miezi mitano, akaendesha baiskeli hadi Kikuyu na kurudi kabla ya kwenda kazini, huingiwa na hofu kwamba akipumzika atapoteza alichokipata. Siku nane kabla ya mashindano anakimbia kilomita 25 ili ajihakikishie kwamba yuko tayari. Siku yenyewe inamkuta na miguu mizito, au nyumbani akiuguza goti. Ada ya usajili, nauli na miezi ya kuamka mapema vyote vimekwenda bure.

Somo hili linawalenga wakaazi wanaojiandaa kwa triathloni ndefu. Wanaojiandaa kwa marathoni pia watafaidika, kwa kuwa kanuni ni zile zile.

Triathloni ndefu ni ipi?

Triathloni ni shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja baada ya jingine, huku saa ikihesabu bila kusimamishwa. Ile ndefu inayojulikana zaidi, Ironman, ilianza Hawaii tarehe 18 Februari 1978. Watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Masafa yake ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2.

Nusu ya masafa hayo huitwa Ironman 70.3, kwa sababu jumla yake ni maili 70.3: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1. Shindano la aina hii lilifanyika jirani mnamo Agosti 2022, mjini Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu.

Kwa nini mazoezi yapunguzwe?

Mazoezi magumu hayaongezi nguvu saa ile ile yanapofanywa. Kwanza huuchosha mwili: misuli hupata michubuko midogo na akiba ya nishati hupungua. Nguvu huja baadaye, mwili unapojirekebisha wakati wa usingizi na mapumziko. Kwa michezo ya masafa marefu, faida ya zoezi gumu huchukua takriban siku 10 au zaidi kuonekana. Kwa hiyo zoezi gumu la siku nane kabla ya mashindano huleta uchovu wake kwa wakati, lakini faida yake huchelewa.

Wataalamu wa sayansi ya michezo wamelipima jambo hili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa njia inayofaa zaidi ni kupunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku za mazoezi. Faida ya kawaida ya kupunguza mazoezi vizuri ni karibu asilimia 3. Kwa anayemaliza 70.3 kwa saa sita, hizo ni takriban dakika 11, na hazihitaji jasho la ziada. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wiki hizi ndizo kivuli chenyewe.

Punguza nini, bakiza nini?

*Punguza wingi.* Fupisha kila zoezi. Aliyezoea kukimbia dakika 80 akimbie 40.

*Bakiza kasi.* Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kugeuza kila zoezi kuwa matembezi. Ndani ya zoezi fupi, weka vipande vichache vya kasi ya mashindano, kwa mfano dakika tatu mara nne, kukiwa na mapumziko ya kutosha kati ya kimoja na kingine.

*Bakiza siku.* Aliyezoea kufanya mazoezi siku sita asishuke ghafla hadi mbili. Mwili uliozoea kazi hulegea ukikatiziwa kabisa.

*Anza na kukimbia.* Katika michezo hii mitatu, kukimbia ndiko kunakopiga miguu zaidi, hasa kwenye miinuko na miteremko kati ya Uthiru na Kangemi. Ndiko kupunguzwe kwanza na kwa kiasi kikubwa zaidi. Baiskeli hufuata. Kuogelea hupunguzwe kidogo tu, kwa kuwa hakuumizi viungo, na asiyeingia majini kwa siku nyingi hupoteza wepesi wake.

Mfano wa mpango

Chukua mkaazi aliyezoea saa 12 za mazoezi kwa wiki: kuogelea saa mbili na nusu, baiskeli saa sita, kukimbia saa tatu na nusu. Mazoezi yake marefu ya mwisho yanakamilika kabla ya wiki hizi tatu kuanza.

1. *Wiki ya tatu kabla ya mashindano, jumla saa 9:* kuogelea saa 2, baiskeli saa 4 na nusu, kukimbia saa 2 na nusu.
2. *Wiki ya pili, jumla saa 7:* kuogelea saa 2, baiskeli saa 3 na nusu, kukimbia saa 1 na nusu.
3. *Wiki ya mashindano, jumla saa 4 bila kuhesabu siku yenyewe:* kuogelea saa 1 na nusu, baiskeli saa 1 na nusu, kukimbia saa 1.

Siku mbili kabla ya mashindano, pumzika kabisa. Siku moja kabla, fanya mazoezi mepesi ya dakika 20 hivi ili kuamsha misuli. Anayejiandaa kwa masafa ya 70.3 pekee anaweza kuruka wiki ya kwanza ya mpango huu na kutumia mbili za mwisho.

Mwili utalalamika

Wengi hushtuka kwa kuhisi vibaya zaidi wanapopumzika. Miguu huwa mizito, maumivu madogo ambayo hayakuwepo hujitokeza, na usingizi huweza kupungua kwa sababu ya wasiwasi. Mara nyingi hii ni hali ya kupita, na si sababu ya kurudi barabarani kufidia. Maumivu makali ya sehemu moja, yanayoongezeka kila siku au kumfanya mtu achechemee, ni jambo tofauti. Hayo yaonwe na mhudumu wa afya mapema, na si usiku wa kuamkia mashindano.

Uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili. Hiyo si mafuta. Misuli iliyopumzika huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Akiba hiyo ndiyo itakayotumika kwenye baiskeli na mbio, kwa hiyo asijinyime chakula ili kuishusha mizani.

Chakula, maji na dawa

Katika saa 36 hadi 48 za mwisho, sahani ielemee kwenye wanga: ugali, wali, viazi, chapati, ndizi na uji. Kwa mashindano yanayozidi dakika 90, mwongozo wa kitaalamu ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, ni gramu 600 hadi 720, ambazo ni rahisi kuzimaliza zikigawanywa katika milo midogo mingi. Githeri na maharagwe ni chakula bora siku nyingine. Siku ya mwisho vipungue, kwa sababu hukaa tumboni muda mrefu na huleta gesi. Mwenye kisukari au ugonjwa mwingine unaohitaji lishe maalumu amwone daktari kabla ya kubadilisha mlo.

Maji yanywewe kwa kiasi, kufuata kiu. Kunywa maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na kunaweza kuhatarisha maisha. Dawa za maumivu kama ibuprofen zisimezwe kabla ya mashindano kwa ajili ya kujikinga, kwa sababu zikikutana na upungufu wa maji mwilini huweza kuumiza figo. Aliye na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kupoteza fahamu wakati wa mazoezi asimamishe mazoezi na aende hospitali mara moja.

Usalama barabarani na joto

Wiki hizi si za kujaribu njia mpya. Anayeendesha Waiyaki Way kabla ya jua kuchomoza awe na taa mbele na nyuma, kofia ngumu na nguo inayong'aa. Baiskeli ikaguliwe tairi, breki na cheni siku 10 kabla ya mashindano, ili kukiwa na kasoro ubaki muda wa kuipima tena.

Uthiru iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi. Anayekwenda kushindana Pwani atakutana na joto ambalo mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea. Asiye na muda huo aanze kwa mwendo wa chini kuliko alivyopanga.

Jipime

1. Kwa nini zoezi gumu siku nane kabla ya mashindano halisaidii?
2. Ni kipi kinachopunguzwe: wingi, kasi au idadi ya siku?
3. Mchezo upi hupunguzwa kwanza, na upi hupunguzwa kidogo zaidi?
4. Uzito ukipanda kilo moja wiki ya mwisho, kuna haja ya kujinyima chakula?

*Majibu:* (1) Uchovu wake huja kabla ya faida yake. (2) Wingi. (3) Kukimbia hupunguzwa kwanza. Kuogelea hupunguzwa kidogo zaidi. (4) Hapana, hiyo ni akiba ya nishati pamoja na maji yake.