Mtaro wa Kokoto Huanzia Mwisho: Somo Kutoka Uwanja wa Chekechea, Pongwe

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu,

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini taarifa ya mradi wa chekechea ya Pongwe inaonyesha mtaro mmoja uliochimbwa mara mbili. Swali hili ni la haki, kwani fedha ni zenu na nguvu ni za wananchi. Tumeona tulijibu kwa njia ya somo, ili parokia nyingine yenye uwanja unaotuama maji isirudie kosa letu.

TATIZO LILIVYOKUWA

Pongwe iko kando ya barabara ya kutoka Tanga kwenda Muheza, na ni nchi ya mawe ya chokaa. Mgeni hudhani kwamba penye mawe maji hayatuami. Kiwanja chetu lakini kiko bondeni, na juu ya mwamba umelala udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Kila masika maji yalisimama kati ya darasa na jiko kwa wiki mbili au zaidi. Watoto walivuka kwa kukanyaga matofali. Ukuta wa darasa ukaanza kulowa kutoka chini, na lipu ikababuka.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa mbu. Katika joto la pwani, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14 hivi. Dimbwi linalokaa wiki mbili linatosha kulea kizazi kizima. Sisi wa Tanga tunaijua malaria, na tunayajua pia matende na mabusha, ambayo huenezwa na mbu, wakiwemo wale wanaozaliana katika maji machafu ya vyoo. Kwa hiyo kukausha uwanja lilikuwa suala la afya ya watoto, siyo la kupendezesha mazingira tu.

MTARO WA KOKOTO NI NINI?

Ni mfereji uliochimbwa kwa mteremko mdogo, ukajazwa kokoto safi, na mara nyingi ukalazwa bomba lenye matundu ndani yake. Maji hufuata njia nyepesi: yanaacha udongo, yanaingia katika nafasi zilizo kati ya kokoto, kisha yanatiririka hadi kwenye mlango wa kutokea. Juu yake watoto wanaweza kucheza, jambo lisilowezekana kwa mtaro wa wazi.

Mafundi wa nchi za Kiingereza huuita mtaro wa French, na wengi hudhani ulitoka Ufaransa. Jina hilo ni la Henry Flagg French, mwanasheria wa Marekani aliyetoa kitabu kuhusu kukausha mashamba mwaka 1859. Alieleza njia ambazo wakulima walikuwa wakizitumia tayari. Ni kazi ya jembe, sururu na uangalifu, ambayo parokia yoyote inaiweza.

KOSA LETU

Mara ya kwanza tulianza kuchimba pale maji yalipotuama, kwa sababu ndipo macho yetu yalipokuwa. Tulichimba kuelekea chini mpaka kwenye uzio, tukaishia hapo. Ilikuwa kiangazi, kila kitu kikaonekana kizuri. Tulijaza kokoto kama zilivyoshushwa kwenye lori, pamoja na vumbi lake la mawe.

Masika yalipofika, vumbi lile lililowa likashikana, na sehemu ya mtaro ikaziba. Maji machache yaliyofanikiwa kupita yalitokea upande wa pili wa uzio, kwenye jiko la mama jirani, mtu mzima anayeishi na wajukuu wake. Alikuja kwenye kikao cha kamati na sufuria yenye tope, akaiweka mezani. Hakusema mengi.

"Wanangu, haya maji ni yenu," alisema. "Nimeyarudisha."

Tulimwomba radhi. Siku ile tulijifunza jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili: maji hayapotezwi, yanahamishwa. Kamati isiyojua maji yataishia wapi haijaanza kuchimba mtaro. Imeanza kumchimbia jirani shimo. Kwa hiyo mtaro huanzia mwisho.

HATUA TULIZOFUATA MARA YA PILI

1. Tembea kwenye mvua. Tulivaa makoti ya mvua tukaufuata mkondo tangu maji yanapoingia hadi yanapotaka kwenda. Tuligundua kwamba sehemu kubwa ilitoka juu ya paa letu wenyewe. Paa linalofunika mita za mraba 160 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 8,000. Tulifunga mifereji ya paa na tangi la lita 5,000, na yanayofurika tukayapeleka moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea kwa bomba lisilo na matundu. Kazi ya mtaro ikapungua kabla ya kuuchimba.

2. Chagua mlango wa kutokea, kisha kubaliana na wanaohusika. Sisi tulihitaji kufika kwenye korongo la asili lililo nyuma ya kiwanja cha mama jirani. Aliridhia bomba zima lisilo na matundu lipite pembeni mwa kiwanja chake, naye akaomba achote maji ya tangi wakati wa kiangazi. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Wengine watauliza kwa nini hatukuchimba shimo la kunywea maji tukamaliza. Jaribuni kwanza: chimbeni shimo la kina kinacholingana na shimo mnalokusudia, mjaze maji, yakinywewa mjaze tena. Yakiwa bado yamo kesho yake, shimo hilo halitasaidia. Na katika nchi ya chokaa kuna tahadhari nyingine. Mapango ya Amboni, ambayo wengi mmeyatembelea, yalichongwa na maji yaliyoyeyusha mawe ya chokaa. Mwamba wa namna hiyo una nyufa, na uchafu unaoingia katika ufa unaweza kufika kisimani haraka bila kuchujwa na udongo. Msielekeze maji ya uwanja upande wa kisima, wala msipitishe mtaro karibu na shimo la choo.

3. Pima mteremko. Kipimo chepesi ni sentimita 1 kwa kila mita 1. Mtaro wetu una urefu wa mita 24, hivyo mwisho wake uko chini ya mwanzo kwa sentimita 24. Fundi alitumia vigingi, kamba na mpira wa maji unaoonyesha ndani. Msikadirie kwa macho. Macho yetu yalitudanganya mara ya kwanza.

4. Chimba kuanzia mlangoni kwenda juu. Mvua ikinyesha ghafla, maji yana pa kutokea. Upana wetu ni sentimita 40, na kina kinaanzia sentimita 50 kufikia 70 hivi kadiri ardhi inavyokwenda. Kaeni mbali na ukuta wa nyumba, na msichimbe chini kuliko msingi ulio karibu, usije ukatikisika.

5. Tandika kitambaa cha kuchujia. Kinapitisha maji na kuzuia udongo. Palipo na uwezo nunueni kile maalumu cha ujenzi. Magunia ya katani, ingawa ni fahari ya Tanga, huoza ardhini.

6. Kokoto ziwe safi. Tulizichekecha na kuziosha, zenye ukubwa wa kati ya sentimita 2 na 4. Kwa vipimo vyetu tulihitaji karibu mita 6 za ujazo. Akina mama na vijana wa parokia walifanya kazi hii kwa siku mbili, na ndiyo iliyookoa mtaro.

7. Laza bomba la inchi 4 juu ya tabaka la kokoto, matundu yakitazama chini. Wengi hushangaa. Maji hujaa mtaroni kutoka chini kwenda juu. Matundu yakiwa chini, maji huingia mapema kabla hayajapanda. Kisha mnajaza kokoto, mnakunja kitambaa juu yake, na kumalizia na tabaka jembamba la kokoto au udongo.

8. Tunza. Mdomo wa bomba tumeufunga wavu kuzuia panya. Kila mwanzo wa vuli na wa masika mwanakamati mmoja anaukagua na kuondoa majani na tope.

MATOKEO

Hatutaki kuahidi kupita kiasi. Mvua kubwa ikinyesha, maji bado husimama uwanjani kwa saa kadhaa, ila kesho yake uwanja unakanyagika. Ukuta unaendelea kukauka. Mtaro huu hautazuia mafuriko kama ya El Niño ya 1997/98 au ya mwaka 2023, na mahali ambapo maji ya ardhini yenyewe hupanda hadi juu, ni afadhali kuinua sakafu au kuchimba mtaro wa wazi. Fedha za mara ya kwanza zilipotea kwa sehemu kubwa, nasi tumeandika hivyo katika hesabu bila kuficha. Mama jirani huchota maji ya tangi kila kiangazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Maji yanayotuama kwenye uwanja wetu yanatoka wapi? Je, tumeyaangalia wakati mvua inanyesha?
2. Tukiyaondoa, yatapita kwa nani? Tumeshazungumza naye?
3. Ni kiasi gani tunaweza kukinga juu ya paa kabla ya kuchimba?
4. Nani atakagua mtaro baada ya wafadhili na mafundi kuondoka?

Tunawashukuru wote mliochangia kwa fedha na kwa mikono, na zaidi mliotuuliza swali gumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga mara mbili, na tungependa ninyi mjenge mara moja.