Dondoo muhimu: Kwa mwalimu mpya wa chekechea Sakania

Lugha kwanza. Hapa Kongo (DRC), mpakani na Zambia, mtoto wa miaka 3 anaweza kufika darasani akijua Kibemba au Kilamba tu, na Kiswahili akawa anakisikia barabarani. Msalimie kwa lugha ya mama yake. "Muli shani" (habari, kwa Kibemba) moja huweza kunyamazisha kilio cha asubuhi. Kisha sema jambo lilelile kwa Kiswahili, huku ukionyesha kwa mkono: maji, kikombe, kaa, njoo. Kifaransa kije polepole, kwa nyimbo na michezo. Usimcheke wala kumwadhibu anayechanganya lugha. Hajakosea, anajenga. Mzunguko wa chekechea nchini ni miaka 3, basi haraka ya nini?

Vifaa unavyo. Vifuniko vya chupa vinafundisha kuhesabu na kupanga rangi, lakini nawe vihesabu kabla ya kuvitoa na baada ya kuvirudisha, kwa sababu wadogo huweka kila kitu kinywani. Punje za mahindi wape wakubwa tu.

Maji na sabuni viwe mlangoni, wanawe mikono kabla ya chakula na baada ya choo. Kipindupindu kimeshapita mkoani kwetu Haut-Katanga zaidi ya mara moja.

Wakati wa kutoka, usilegeze. Malori ya shaba yanapita kwenda Ndola, Zambia, na kaka wa miaka 7 hatoshi kumvusha mdogo wake. Andika majina ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Mgeni akija, hata akiwa mpole, subiri mzazi.