Kabla Nyundo Haijagonga: Masharti kwa Mnunuzi wa Leica za Kale

Juni 2022, mjini Wetzlar, Ujerumani, Leica namba 105 ya mfululizo wa majaribio wa 1923 iliuzwa mnadani. Ilikuwa kamera ya Oskar Barnack mwenyewe, mbunifu wa Leica. Nyundo iligonga kwenye euro milioni 12. Mnunuzi akalipa milioni 14.4. Bei za namna hiyo huwatia wanunuzi tamaa na kuwapa waghushi kazi. Ukitaka kuingia mnadani, shika haya.

FANYA

1. Soma masharti kabla ya kutazama picha. Zile milioni 2.4 za juu zilikuwa ada ya mnada. Nawe utatozwa, kisha usafirishaji na ushuru wa forodha.

2. Linganisha namba ya kamera na mwaka wake. Namba zisipolingana na umbo, uliza, usihukumu: kiwanda chenyewe kilikuwa kikipokea Leica I na kuzigeuza kuwa II au III.

3. Dai picha ya ndani, lenzi ikiwa imefunguliwa. Kwenye Leica yenye kipima umbali, mkono unaogusana na lenzi huishia kwa kigurudumu. Ukikuta kipande kilichochongoka kama kabari, huenda umeshika FED ya Kharkiv au Zorki ya Krasnogorsk, kamera za Kisovieti zilizoigwa kutoka Leica II.

4. Mulika lenzi kwa tochi. Tafuta kuvu, mikwaruzo na gundi iliyoachia kati ya vioo.

5. Andika kikomo chako usiku wa kuamkia mnada, ada zote zikiwa ndani.

USIFANYE

1. Usinunue maandishi. Tai wa jeshi la anga la Ujerumani, nembo ya Olimpiki ya Berlin 1936, mwili wa rangi ya dhahabu: hivyo ndivyo FED na Zorki nyingi zilivyovalishwa ili ziitwe Leica. Kuchonga nembo ni rahisi. Kubadili mitambo ya ndani ni kazi nyingine.

2. Usinunue hadithi isiyo na karatasi. Muuzaji akisema ilikuwa ya mpigapicha wa vita, aonyeshe risiti, barua, au picha ya mwenyewe akiwa nayo. Hana? Lipa bei ya kamera, hadithi abaki nayo.

3. Usisugue wala kupaka rangi upya. Leica nyeusi iliyochakaa kwa kushikwa, shaba ikichungulia pembeni, ina thamani zaidi kuliko iliyong'arishwa jana.

4. Usilazimishe shata iliyokaza. Mapazia yake ni kitambaa chenye mpira, nao hukauka na kupasuka. Mpelekee fundi.

5. Usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi, hasa ukikaa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Ngozi hushika unyevu, na unyevu huzaa kuvu. Iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

6. Usipandishe dau kwa kushindana na mtu. Kikomo kikifika, nyamaza. Leica III zilitengenezwa kwa maelfu, na nyingine itapita mnadani. Aliyekuzidi dau hana deni kwako, wala wewe huna la kumthibitishia.