Zarambo: Neno Lililobaki Kamusini

Methali ya mgema na tembo lake twaikariri kila mtihani. Lakini je, wajua tembo lina mtoto? Jina lake ni zarambo. Kamusi ya Johnson ya 1939 yaeleza kuwa ni pombe kali iliyokenekwa kutokana na tembo. Niliwauliza wenzangu hapa Mkomani, hakuna aliyelijua neno hilo. Chang'aa, wote waliijua!

Zarambo ilitengenezwaje? Mgema hukata ncha ya karara kwa kotama, utomvu ukatona kibuyuni. Ni mtamu, lakini hamira ya hewani huugeuza tembo siku hiyo hiyo. Tembo likichemshwa katika chungu kilichofunikwa, alkoholi huchemka kwa nyuzi 78, maji kwa 100. Basi mvuke wenye alkoholi nyingi hutangulia, hupita mrijani, hupozwa kwa maji baridi na kutona. Huko ndiko kukeneka. Wiski ya Scotland yafuata kanuni iyo hiyo, ila hutokana na nafaka, na hukaa katika mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3.

Mbona basi wiski ina viwanda vyenye majina, na zarambo haina hata kibao? Jibu moja ni sheria. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza kukeneka pombe za kunywa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kenya huru nayo ikapiga marufuku chang'aa mwaka 1980, hadi sheria ya 2010 ilipoiruhusu kwa leseni. Kazi ya mafichoni haiachi daftari wala jengo.

Tena haina mpimaji. Mwaka 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa kumi kumi iliyokuwa na methanoli. Sisemi tunywe, la hasha! Nasema tujue. Ukiwa na babu anayekumbuka habari za wagema, keti naye uandike kabla hajaondoka nazo.

Maswali:
1. Kwa nini alkoholi hutangulia maji kugeuka mvuke?
2. Taja maneno matatu ya kazi ya mgema.
3. Je, marufuku yaliokoa watu au yaliwaficha? Jadili.