Moyo wa Mbuzi Watufundisha Nini?

Wako wasemao kwamba kupasua mnyama darasani ni kazi ya bucha, si kazi ya mwanafunzi. Mimi nasoma elimu ya viumbe katika kidato cha sita, nami naona sivyo. Nunueni moyo wa mbuzi sokoni, tuupasue pamoja.

Ndani mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, kama ulivyo moyo wa mtu. Kati ya vile vya chini, ukuta wa chumba cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Sababu ni hii: chumba cha kulia hupeleka damu mapafuni tu, njia fupi na nyepesi, cha kushoto huisukuma mwili mzima, toka utosini mpaka kwatoni. Hivyo umbo hufuata kazi.

Sasa tazama vali, yaani milango. Kati ya chumba cha juu na cha chini utaona ngozi nyembamba zilizoshikwa na nyuzi nyeupe, kama kamba zishikazo hema. Moyo ukijikaza, mlango hufungwa, na nyuzi huuzuia usipinduke juu. Milango ya namna hii, ya moyoni na ya mishipani, ilimsaidia William Harvey, mganga wa Uingereza, kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini.

Moyo wa mtu hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 na zaidi kwa siku. Je, mlango mmoja ukiharibika?

Hapa Uganda jambo hili lapatikana bado. Mtoto, hasa wa miaka 5 mpaka 15, huumwa koo. Kama maradhi yameletwa na vijidudu viitwavyo streptokoko, yasipotibiwa yaweza kufuatwa na homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, kisha hupoa. Lakini milango ya moyo yaweza kubaki na makovu, isifungwe sawasawa. Miaka ikipita, kijana hushindwa kupanda kilima kwa kukosa pumzi. Hapo dawa haiurudishi mlango ulivyokuwa. Pengine hapana budi kupasuliwa. Na mwanzoni penisilini ingalitosha.

Basi, mdogo wako akilalamika koo na homa imempanda, usimwambie anywe chai alale. Mpeleke zahanati apimwe. Nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, mlio na watoto, neno hili ni lenu zaidi.