Kiuno cha picha na kiuno chako

Siku hizi mpiga picha wa harusi Kisii au Nyamira aweza kukupunguza kiuno kwa kompyuta kabla ya kuchapisha picha. Programu husukuma nukta za picha ndani na kuvuta zile za nyuma. Ndiyo sababu mara nyingine ukuta ulio kando yako huonekana umepinda. Ufaransa, tangu 2017, tangazo lenye mwanamitindo aliyebadilishwa umbo hivyo lazima liseme.

Kwangu mimi hayo ni mapambo tu. Taabu huanza mtu anaposhinda njaa ili aufikie mwili wa picha. Nyonga ni mifupa, haisogei kwa njaa. Njaa huidhoofisha tu.

Msomaji, azima utepe wa fundi wa nguo. Kiuno cha mtu mzima asiye mjamzito kisifike nusu ya urefu wake: mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Kisha gawa kilo zako kwa urefu wako kwa mita, na jibu uligawe tena kwa urefu huo huo. Ukipata chini ya 18.5, umekonda mno, hata picha iseme u mnene.

Binti akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, au akijitapisha baada ya kula, msimgombeze. Mleteni kwa daktari, na picha yake aje nayo.